Jina Lililouzunguka Mti wa Lulu

Mti wa dada yangu ulikauka kwa sababu ya jina, na jina hilo nililiandika mimi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asipoteze muda akimtafuta mkosaji mwingine. Wakata miti hawakuugusa. Waliopima barabara mpya waliupita pembeni. Moto wa kiangazi ulifika kwenye uzio ukazimika wenyewe. Ni mimi, kwa brashi yangu na panga la kuazima.

Kazi yangu ni kuandika vibao. Nina kibanda kidogo mtaa wa Hai Jalaba, kati ya fundi wa pikipiki na duka la kamba, na zamani karibu kila kinyozi na kila duka la dawa upande ule lilikuwa na mkono wangu mlangoni. Siku hizi watu wanachapisha mabango ya plastiki kwa mashine. Mimi nimebaki na zile kazi ambazo mashine haizifikii: milango ya chuma, malori ya maji, misalaba ya makaburini, na kuta. Kuta ndizo nyingi. Ukikiacha kiwanja chako hapa Juba ukaenda kumuuguza mtu, unaweza kurudi ukute kimeuzwa bila wewe, kwa hiyo wenye viwanja huniita niwaandikie ukutani kwamba kiwanja hiki hakiuzwi. Maneno hayo nimeyaandika mara nyingi kuliko nilivyoliandika jina langu.

Hata Kiswahili hiki nilijifunza kukiandika kwa njia hiyohiyo, juu ya kuta za watu, miaka niliyoishi Kenya nikiwa mkimbizi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa kijana, na tulikuwa Uganda, upande wa kaskazini. Huko ndiko nilikosoma sekondari, na huko ndiko nilikokutana na majina ya Kilatini.

Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mtu mkavu, hacheki, lakini akifika kwenye majina ya mimea uso wake ulikuwa unafunguka. Alitufundisha kwamba kila mmea duniani una jina la maneno mawili. La kwanza ni kama ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Alisema majina hayo ni ya lugha iliyokwisha kufa, na kwa sababu imekufa haiwezi kubadilika, kwa hiyo mtu wa Japani na mtu wa Yei huku kwetu wakilitaja jina hilo watakuwa wanauona mti mmoja. Kwa watoto wa kambini, ambao hata makaratasi yetu yalikuwa na majina yaliyoandikwa na makarani wa nchi nyingine, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mti wa lulu, alituambia, unaitwa Butyrospermum, yaani mbegu ya siagi. Nililibeba neno hilo kichwani kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Kwa asiyetoka huku, lulu kwa Kiarabu cha Juba si ile ya baharini. Ni mti wa mwituni wenye magome mazito yaliyopasukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Matunda yake ni matamu, na ndani ya tunda kuna kokwa, na ndani ya kokwa kuna mafuta. Kwetu mti huo haukatwi. Haupandwi pia, unaota wenyewe, na mwanamke anayeokota chini yake mwaka hadi mwaka ndiye mwenyewe, hata kama ardhi ni ya mtu mwingine. Mtoto mchanga hupakwa mafuta ya lulu kabla hajatolewa nje kuonyeshwa jua. Maiti pia hupakwa. Mama yetu aliyakamua mpaka mikono yake ikawa inanuka lulu hata Jumapili, akiwa kanisani.

Dada yangu ni mkubwa kwangu. Mumewe alimwachia kiwanja mwisho kabisa wa mtaa wa Gudele, ambako siku zile kulikuwa bado kichaka. Kiwanja kilikuwa na miti kadhaa ya lulu, na aliipenda kuliko nyumba. Vita viliporudi alikimbilia Uganda na wajukuu. Aliporudi alikuta nyumba haina bati na miti haina chochote juu ya visiki, isipokuwa mmoja uliokuwa pembeni, karibu na njia. Kwa nini waliuacha huo, hakuna ajuaye. Labda mnyororo wa msumeno ulikatika.

Aliishi kwa mti huo. Simaanishi mafuta tu. Asubuhi alikuwa anatoka nje na kuuangalia kwanza kabla ya kuwasha moto, kama mtu anayehesabu kuku wake. Na kila siku alisikia misumeno ikikaribia, kwa sababu Juba inapikia makaa, na wachomaji walikuwa wameshamaliza miti ya upande ule wote.

Siku moja aliniita. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki mgongo ameuegemeza kwenye mti.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe unaandikia watu kuta zao. Niandikie mti wangu."

"Niandike nini? Mti huu hauuzwi?"

"Hilo hawalisomi tena. Jirani yangu uliliandika mlangoni kwake na kiwanja kikauzwa. Aliyenunua amelipaka rangi juu."

"Ndiyo, niliona."

"Basi niandikie kitu watakachokiogopa."

Nilirudi Hai Jalaba nikiwaza. Kilichonisaidia, kama ni neno la kutumia, ni kazi niliyokuwa nayo siku zilezile katika bustani moja ya miche karibu na Nyakuron. Walitaka vibao vidogo vya bati vyenye majina ya miti, kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa Kilatini. Msimamizi alikuwa mwanamke wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliyekulia Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi kabisa. Alinipa karatasi ya majina, lakini nilipofika kwenye lulu sikuitazama. Jina nilikuwa nalijua. Nikaandika Butyrospermum kwa herufi nzuri, nikakaa kando nikisubiri kusifiwa.

"Mzee, umeandika nini hapa?"

"Jina la lulu."

"Hiyo ni jina ya kitambo. Watu waliwacha kuitumia."

"Jina la Kilatini haliachwi. Mwalimu wangu alisema lugha hiyo imekufa, haibadiliki."

"Mwalimu wako yuko wapi?"

"Alikufa zamani."

"Basi hakupata habari."

Nilicheka, na yeye akacheka, akavuta ndoo akaketi juu yake. Akanieleza kwamba watu wa mimea wana sheria yao: mmea ukipewa majina mawili na watu wawili, lile lililotangulia kuandikwa ndilo linaloshinda, hata kama lilisahauliwa. Jina la mbegu ya siagi lilikuja baadaye, tena neno lake la pili lilikuwa jina la msafiri mmoja Mzungu aliyeuona mti huo Afrika magharibi akapita. Baadaye watu wakafukua makaratasi, wakaona kuna jina la zamani zaidi. Likarudishiwa mti wake. Vitellaria paradoxa.

Sheria hiyo niliipenda sana. Nilimwambia ingefaa iletwe kwenye ofisi za ardhi, maana huku aliyetangulia akirudi anakuta mwingine ameshajenga choo.

"Na maana yake?" nikamuuliza.

"Vitellus ni ile kitu ya njano ndani ya yai."

"Kiini."

"Hiyo. Labda ni rangi, labda ni ule utajiri wa mafuta, mimi sikuwa hapo. Na paradoxa ni kitu imekuja kinyume na vile watu walidhani. Ilitoka kwa Kigiriki ikaingia Kilatini."

"Kwa hiyo ni kiini cha yai kilichomshangaza mtu."

"Kitu kama hiyo."

"Yai linamshangaza nani?"

"Pengine hakuwa na kuku, mzee."

Kisha akaniambia jambo lililoniharibu. Akasema lulu ya huku si sawasawa na ile ya magharibi. Ni mti uleule, lakini mafuta ya huku ni laini, hayagandi upesi, kwa hiyo watu wa mimea wameugawa mti huo, na mti wetu una neno la tatu. Nilotica. Wa Mto Nile.

"Liko wapi?" nikasema. "Mbona kwenye karatasi hukuliandika?"

"Kibao ni kidogo. Mawili yanatosha."

Kwangu hayakutosha. Nilikwenda nyumbani nikilitamka njiani. Nimekuwa mkimbizi mara mbili, nimeandika vibao vya miji ya watu wengine, na sasa naambiwa kwamba katika lugha hiyo ya wasomi, mti wa mama yangu una neno linalosema ni wa kwetu. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia mwaka ule. Nalisema hilo si kama udhuru.

Nilikata bati, nikaliandika maneno yote matatu kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe, nikalifunga kwa waya kwenye tawi la chini la mti wa dada. Halikumaliza juma. Bati likiwa wazi Juba linaondoka. Baadaye nililikuta kwenye kituo cha mabasi ya Gudele, chini ya sufuria ya mama muuza chai: jiko lake lilikuwa limetobolewa na moto likazibwa kwa bati langu, na neno paradoxa lilisomeka vizuri juu ya makaa.

"Mama, bati hili umelitoa wapi?"

"Kwa fundi wa majiko. Kwa nini?"

"Niliandika mimi."

Akainama akalitazama. "Basi rangi yako nzuri, mzee. Moto wote huu na haijachubuka."

Nililipa chai nikaondoka nimefurahi. Nilikuwa mtu wa kufurahishwa na kitu kama hicho.

Nikaamua kuandika juu ya mti wenyewe, mahali ambapo mwizi hawezi kubandua. Lakini gome la lulu ni vipande vipande, brashi haipiti. Ilibidi kulitoa, kufika kwenye mti mweupe ulio laini. Ilikuwa kiangazi, baada ya Krismasi, mti hauna majani ila una maua, na nyuki walikuwa wengi. Niliazima panga kwa fundi wa pikipiki. Nikachora mistari miwili kwa chaki kuuzunguka mti, urefu wa kifua cha mtu, upana wa shubiri moja ili herufi zionekane kutoka njiani. Nikaanza kubandua kati ya mistari hiyo. Utomvu mweupe ulitoka, ukanata kwenye vidole, na dada alikuwa ananiletea majivu ya kujifutia.

Nilibandua kiasi cha maneno mawili. Nikasubiri mti ukauke kidogo, nikaandika. Herufi zilikuwa kubwa, zenye miguu, kazi ambayo kwa mkono wangu wa sasa nisingeitegemea. Vitellaria paradoxa. Upande wa nyuma wa mti gome lilibaki, upana wa viganja viwili vitatu, likishuka kutoka juu mpaka chini bila kukatwa.

Dada alikuwa amepika. "Njoo ule," akasema. "Mti unaonekana tayari. Hata mimi nauogopa."

"Bado neno moja."

"Neno gani tena? Yanatosha hayo. Ugali unapoa."

"Hilo ndilo letu," nikamwambia. "Linasema ni wa Nile."

"Nani hajui uko Nile? Nile iko pale."

"Wao hawajui."

"Wao nani? Hawa wachoma makaa?"

Nikachukua panga. Nikalibandua lile gome lililobaki. Mwanzo wa V na mahali ambapo a ya mwisho ingekaa vilikaribiana mpaka kidole changu kimoja kilitosha kati yao, na hata pale katikati nilisafisha ili kazi isionekane chafu. Nikaandika neno la tatu, na kwa kuwa lilikuwa letu, nikalipaka mara mbili. Kisha nikaenda kula ugali uliopoa.

Na jina lilifanya kazi. Hilo ndilo linalouma. Kabla mvua hazijaanza walikuja vijana wawili na msumeno wa mashine. Dada aliwasikia akiwa ndani, akatoka na mchi wa kinu mkononi, lakini alipofika nje walikuwa wamesimama tu wanasoma. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alikuwa anaigiza sauti zao.

"Hii ya hakuma," mmoja alisema, yaani ni mti wa serikali.

"Si ya hakuma. Hakuma haiandiki vizuri hivi. Hii ya kawaja," wa pili akajibu, yaani ya Mzungu.

"Kawaja gani anakaa Gudele?"

"Wewe kata. Halafu wakikuuliza kwa Kiingereza, ujibu."

Wakaubeba msumeno wao wakaenda. Dada alisema alicheka mpaka akaketi chini. Kwa miaka mingi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na sababu nilikuwa mimi.

Mvua zilipoanza, mti ulizaa kupita kawaida yake yote. Matawi yaliinama. Matunda yalikuwa manene na matamu mno, watoto wa mtaa walishinda chini yake, na dada hakuwafukuza kwa kuwa yalikuwa mengi kuliko mikono. Alichemsha kokwa, akazianika juu ya turubai mpaka njia ikafunikwa, akazipasua, akakaanga, akasaga, akakamua. Aliwapelekea mafuta watu ambao hata hawakuomba. Kichanga cha jirani, yule aliyenunua kiwanja cha kuibiwa, kilipakwa mafuta ya mti ule, na ugomvi wake na dada juu ya uzio ukatulia kwa muda.

"Ni jina," dada aliwaambia watu. "Ndugu yangu aliupa jina lake kamili ndiyo maana unafurahi."

Nilikanusha kwa mdomo. Moyoni niliamini kidogo. Chupa yangu ya mafuta niliiweka kibandani mahali ambapo wateja wangeiona, na aliyeuliza nilimsimulia yote, kiini cha yai na kinyume cha matarajio, na Nile mwishoni. Mwalimu wangu angenisikia angefikiri hakupoteza chaki yake.

Kabla ya mvua kwisha majani yalikuwa yanageuka njano. Hatukujali, mti ulikuwa umefanya kazi kubwa. Kiangazi kilipofika yakaanguka yote, nako ni kawaida ya lulu. Tukasubiri maua. Yalikuja machache, upande mmoja, yakakauka kabla nyuki hawajayajua. Tukasubiri mvua. Mvua ikaja. Mwarobaini wa jirani ukajaa majani, nyasi zikafunika njia, hata visiki vya zamani vya lulu zilizokatwa vilichipua pembeni. Mti wetu ulisimama vilevile.

"Umechoka," nikamwambia dada. "Mwaka jana ulizaa sana. Hata mwanamke akizaa mapacha hupumzika."

"Wewe unajua mapacha?" akasema, lakini alikubali. Akawa anaumwagia maji ya kuoshea vyombo. Mvua inanyesha na yeye anaumwagia maji. Kila asubuhi alikuwa anakwaruza tawi kwa ukucha kutafuta kijani, na jioni akinipigia simu alikuwa na habari: leo nadhani nimeona. Kesho yake hajaona.

Nilikwenda Nyakuron nikamwomba yule msimamizi wa bustani aje kuuangalia. Nilimwambia ni mti wenye jina kamili, aje auone. Tulipofika dada alileta kiti na soda, lakini mgeni hakuketi. Aliiona ile pete nyeupe tangu njiani.

"Si ulisema ni kibao?"

"Kibao kiliibiwa."

Aliweka kidole kwenye V, akaanza kutembea. Alikuwa anafuata herufi kama mtoto anayejifunza kusoma. Alizunguka nyuma ya mti, tukasikia viatu vyake kwenye nyasi, akatokea upande wa pili, kidole kikiwa kwenye a ya mwisho, na kikarudi kwenye V bila kugusa gome popote. Akasimama. Akanitazama, kisha akamtazama dada, kisha akaangalia chini.

"Mzee," akasema polepole, "ulifunga."

Sikuhitaji anieleze. Ubao mweusi wa kule Uganda ulirudi mbele yangu wote kwa mara moja, pamoja na vumbi lake. Ubao uleule uliokuwa na Butyrospermum kona ya juu ulikuwa na picha ya mti katikati, na mishale miwili. Mshale wa kwanza ulipanda ndani ya mti: maji, kutoka mizizini kwenda majanini. Wa pili ulishuka chini ya gome: chakula, kutoka majanini kwenda mizizini. Ukikata gome kuuzunguka mti wote, mwalimu alisema, mizizi itakufa njaa, na mti utachelewa kujua. Tuliulizwa swali hilo kwenye mtihani. Nililijibu vizuri.

Nilikuwa nimetunza jina, ambalo lilibadilika, na kupoteza mshale, ambao haubadiliki.

"Kuna dawa?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Ungeniita mara ile ya kwanza, pengine tungejaribu kuunga. Watu huchukua vipande vya ngozi ya tawi, wanavipanga kama daraja juu ya kidonda." Akavuta tawi dogo, likavunjika kwa sauti kavu. Akavuta jingine nene zaidi. Likavunjika vilevile. "Sasa hapana."

"Na yale maneno mawili ya kwanza? Ningeacha pale?"

Alijua ninachouliza. Angeweza kunidanganya. "Ungekonda," akasema, "lakini pengine ungeishi."

Alikunywa soda kwa heshima ya dada, akaondoka. Alituachia mche wa lulu aliokuwa ameuleta kama zawadi, kwenye mfuko mweusi wa plastiki, una majani matatu.

Nilimweleza dada siku ileile. Nilifikiria kungoja, kisha nikajiona jinsi nitakavyokuwa nikipokea zile simu zake za jioni. Nikamweleza mishale miwili. Nikamweleza neno la tatu. Alinisikiliza akiwa ameushika mti kwa mkono mmoja, juu kidogo ya pete.

"Kwa hiyo mwaka jana," akasema, "yale matunda yote."

"Chakula kilishindwa kushuka. Kikabaki juu. Kikaingia kwenye matunda."

"Ulikuwa unakufa."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nikawaambia watu unafurahi." Akatazama matawi juu. "Yalikuwa matamu sana yale."

Ningependa kuandika kwamba alinitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya mwisho ya mafuta, akaangalia kiasi kilichobaki kwenye mwanga, akairudisha. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ule mche aliukataa. "Unazaa baada ya muda gani?" aliniuliza.

"Mpaka aliye mtoto sasa awe mtu mzima."

"Basi mpe mwenye mtoto hapa." Wajukuu wake wamerudi Uganda na mama yao, na hawasemi juu ya kurudi. Mche nikaubeba Hai Jalaba. Mbele ya kibanda changu chini ni saruji tupu. Upo bado kwenye mfuko wake, mlangoni, na mfuko umekuwa mdogo. Sijui nitaupanda wapi. Sina ardhi Juba ambayo naweza kusema itakuwa yangu mti ukishakua, na wala sijui mwenye nayo. Watu wananiuliza ni mti gani, nawaambia lulu, basi.

Mti mkubwa ulisimama umekauka mwaka mzima mwingine. Wachoma makaa walikuwa wanapita, wanauangalia, na kupita. Mti mkavu wa lulu ni makaa mazuri mno, kila mtu anajua, lakini jina lilikuwa bado linang'aa na hakuna aliyetaka kuulizwa kwa Kiingereza. Ikafika dhoruba moja ya mwanzo wa mvua, tawi likaanguka karibu na mlango wa jikoni. Dada akamwita jirani aukate. Jirani alikataa. Dada akawaita vijana wa msumeno, walewale, wakaja, wakasoma tena, wakamwambia, "Ya mama, leta kwanza karatasi ya hakuma."

Ndipo akanipigia. "Njoo ufute," akasema. "Wanauogopa."

Nilikwenda na msasa na kipande cha chuma cha kukwangulia. Vijana walikuwa wameketi juu ya msumeno wao njiani, wanangoja. Dada alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, safari hii mbali na mti, ili tawi jingine lisimwangukie. Nilifikiri nianze na neno la kwanza, kama mtu anavyosoma, lakini mkono ulikwenda kwingine.

"Hilo ndilo la Nile?" akauliza.

"Ndilo."

"Futa."

Lilichukua muda mrefu kuliko yale mengine mawili. Nilikuwa nimelipaka mara mbili.